Mtamba Mmoja, Miezi 36: Hesabu Iliyojificha Nyuma ya Bei ya Nyama

Kuku wa nyama hukua kwa wiki sita. Nguruwe hufika machinjioni akiwa na miezi sita hivi, na mama yake huzaa zaidi kidogo ya mara mbili kwa mwaka, kila uzao watoto kumi na kitu. Ng'ombe hubeba mimba siku 283, akazaa ndama mmoja, basi. Bei ya kuku ikipanda, wafugaji huingiza vifaranga zaidi na baada ya miezi michache soko limeshatulia. Bei ya nyama ya ng'ombe ikipanda, hakuna mtu yeyote, awe tajiri namna gani, anayeweza kuiharakisha mimba.

Malalamiko ya bei huanzia kwa mwenye bucha, yakatua kwa dalali, yakaishia kwa serikali. Wapo kati yao wanaostahili kulalamikiwa, sikatai. Lakini ng'ombe wanapopungua, nyama inayouzwa leo ni matokeo ya uamuzi uliofanywa zizini miaka mitatu iliyopita, na aliyekuwa katikati ya uamuzi huo ni mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa.

Miezi 36

Tuchukue ndama jike aliyeachishwa ziwa leo akiwa na miezi 7. Mwenye kundi ana njia mbili: amuuze akanenepeshwe na kuchinjwa, au ambakize awe mama. Akimbakiza na kumlisha inavyotakiwa, atapandwa akiwa na miezi 15, yaani miezi 8 kuanzia leo. Miezi 9 baadaye atazaa, tumefika mwezi wa 17. Ndama wake ataachishwa ziwa mwezi wa 24, na huo ndio mwezi wa kwanza mfugaji anapoweza kuona hela iliyotokana na uamuzi wake. Ndama huyo akinenepeshwa kwa nafaka na kuchinjwa akiwa na miezi 19, nyama yake itafika buchani mwezi wa 36.

Na hiyo ndiyo njia fupi. Kwenye malisho ya asili peke yake, ambako mtamba hupandwa akiwa na miaka miwili au zaidi na dume huchinjwa akiwa na miaka mitatu au minne, hesabu hiyo hiyo inapita miaka mitano.

Sasa tazama siku ya kwanza. Mtamba aliyebakizwa ni mnyama mmoja aliyeondolewa kwenye foleni ya machinjio. Wafugaji wengi wakifanya hivyo kwa pamoja, nyama sokoni inapungua papo hapo, na bei iliyokuwa juu inapanda tena. Yaani kundi linapoanza kujengwa upya, mlaji huona hali imezidi kuwa mbaya, na huiona hivyo kwa miaka miwili au mitatu kabla nafuu haijaanza kuonekana.

Mfugaji naye ana mtihani wake. Bei inayomshawishi aongeze ng'ombe ndiyo hiyo hiyo inayomshawishi auze mtamba leo. Ana mkopo, ana ada za shule, na mnunuzi amesimama getini na fedha taslimu. Akikataa, atakaa miezi 24 akilisha bila kuona senti kutoka kwa mnyama huyo, huku akijua kwamba siku mavuno yatakapofika huenda bei imeshashuka. Kwa hiyo makundi hayarudi haraka hata bei zikiwa nzuri kupindukia. Anayemwita mfugaji huyo mroho hajawahi kuikalia hesabu hii.

Nyama inapojaa kwa sababu mbaya

Marekani ndiko mzunguko huu umepimwa kwa makini na kwa muda mrefu, kwa hiyo ni mfano mzuri. Wizara ya Kilimo ya huko hutoa hesabu ya ng'ombe wote waliopo kila Januari 1. Mwaka 1975 walikuwa milioni 132. Januari 2025 walikuwa milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951, na majike wanaofugwa kwa ajili ya nyama, si maziwa, walikuwa milioni 27.9, wachache kuliko wakati wowote tangu 1961. Kati ya miaka hiyo idadi imekuwa ikipanda na kushuka kwa mawimbi ya takriban miaka 10 hadi 12. Bonde la wimbi lililopita lilikuwa 2014, na kilele chake 2019.

Kinachowachanganya wengi ni mwaka 2022. Kundi lilikuwa linapungua, ukame umekausha malisho ya magharibi na katikati ya nchi, nyasi kavu zimekuwa ghali. Na bado mwaka huo Marekani ilizalisha nyama ya ng'ombe nyingi kuliko mwaka wowote kabla yake, zaidi ya ratili bilioni 28 (ratili ni karibu nusu kilo). Ilitoka wapi? Ilitoka kwa majike. Wafugaji walioshindwa kulisha walipeleka machinjioni mama na mitamba. Anayetazama takwimu za nyama peke yake angesema mambo ni mazuri. Anayetazama jinsia ya wanaochinjwa alishajua kitakachotokea 2025, mwaka ambao Juni yake nyama ya kusaga ilivuka dola 6 kwa ratili kwa mara ya kwanza.

Halafu likaja la nzi. Kwa kawaida Mexico huipelekea Marekani zaidi ya ndama milioni moja kwa mwaka wa kwenda kunenepeshwa. Nzi aitwaye Cochliomyia hominivorax hutaga mayai kwenye kidonda, hata kidogo cha kupe au cha kitovu cha ndama, na funza wake hula nyama iliyo hai, si iliyooza. Alipoanza kusogea kaskazini, mpaka ulifungwa Novemba 2024, ukafunguliwa Februari 2025, ukafungwa tena Mei. Dawa yake inajulikana tangu karne iliyopita: madume huzalishwa kiwandani, huhasishwa kwa mionzi na kuachiwa kwa mamilioni, kwa kuwa nzi jike hupandwa mara moja tu maishani, na akimpata dume tasa mayai yake hayaanguliwi. Dawa nzuri, ila inataka viwanda, na viwanda navyo havijengwi kwa wiki moja.

Machinjio yanayokosa ng'ombe huumia kwa namna yake. Umeme, majokofu na mishahara havipungui kwa sababu wanyama wamepungua. Gharama ile ile inagawanywa kwa vichwa vichache. Novemba 2025 kampuni ya Tyson Foods ilitangaza kukifunga kiwanda chake kikubwa cha Lexington, Nebraska.

Fungua mdomo wa ng'ombe

Huhitaji wizara kujua kama kundi linaliwa. Nenda machinjioni, hesabu majike, halafu tazama meno yao ya mbele ya chini (juu hayapo, ni ufizi mgumu tu). Ng'ombe mwenye meno ya utoto yote, madogo na meupe, kwa kawaida hajatimiza miaka miwili. Meno mawili mapana ya katikati yakishatoka, ana miaka miwili hivi; manne, miaka miwili na nusu; sita, mitatu; manane, mitatu na nusu hadi minne. Ng'ombe wa asili waliokulia kwenye malisho duni huchelewa kwa miezi kadhaa. Baada ya hapo meno hulika, hulegea, hupishana, mwisho hubaki visiki.

Jike mwenye visiki akichinjwa hakuna hasara, zamu yake imefika. Ukikuta mistari ya majike wenye meno mawili na manne, hao walitakiwa kuwa na miaka saba au minane ya kuzaa mbele yao. Hapo watu wanakula mbegu. Australia, ambako mambo haya hufuatiliwa kila robo mwaka, wachambuzi hutumia kipimo rahisi: majike wakizidi karibu asilimia 47 ya wanaochinjwa, kundi linapungua, wakiwa chini ya hapo, linajengwa. Kipimo hicho si amri kwa kila mahali, lakini mwelekeo wake hauna utata. Ndama wanaozaliwa ni nusu kwa nusu, na lazima sehemu ya majike ibaki nyumbani.

Ibaki kiasi gani? Chukua kundi la majike 100. Kwa uzee, utasa na vifo, tuseme 15 huondoka kila mwaka. Kundi linaloachisha ziwa ndama 85 lina mitamba 42, kwa hiyo ukibakiza 20 (wachache wao hawatashika mimba) bado unauza 22 na kundi halitetereki. Sasa chukua kundi jingine la 100 ambalo majike 55 tu ndio huzaa, na ndama mmoja kati ya watano hufa. Wanabaki 44, mitamba 22. Kati yao 19 hivi watafikia kuzaa. Mwenye kundi hili akibakiza kila mtamba, bila kuuza hata mmoja, anaongeza ng'ombe wanne. Ukame ukimuulia majike 10 zaidi ya kawaida, walioondoka ni 25, wanaoingia ni 19. Kundi linapungua hata kama hajauza jike lolote. Ukimwambia mfugaji wa namna hii "acha kuuza mitamba", hujamsaidia. Shida yake ni zile mimba 45 ambazo hazikupatikana.

Siku 82

Mwaka una siku 365, mimba siku 283. Zinabaki 82. Ndani ya siku hizo ng'ombe aliyezaa anatakiwa apone tumbo la uzazi, anyonyeshe, arudi kwenye joto (awe tayari kupandwa) na ashike mimba tena, la sivyo mwakani hatazaa katika msimu wake. Mwenye hali nzuri hurudi kwenye joto siku 45 hadi 60 baada ya kuzaa. Joto huja kila siku 21, kwa hiyo ana nafasi moja, labda mbili. Aliyekonda anaweza kupitisha siku 90 bila joto lolote. Amekwisha kuukosa mwaka, na dume hata akiwa zizini usiku na mchana hatasaidia kitu.

Ndiyo maana madhara ya ukame huonekana mwaka unaofuata, wakati mvua zimesharudi, nyasi zimefika magotini na kila mtu anashangaa zizi la ndama liko tupu.

Kipimo kiko machoni. Simama ubavuni mwa ng'ombe, si nyuma yake, asubuhi kabla hajajaza tumbo. Kwenye kipimo cha unene cha 1 hadi 9 kinachotumika kwa ng'ombe wa nyama, ukiona waziwazi mbavu mbili za mwisho, yuko kwenye 4. Ukiona mbavu nyingi na uti wa mgongo umechongoka, ni 3 au chini. Mbavu zikifichika bila mafuta kujaa shinani mwa mkia, ni 5, na hapo ndipo jike mzima anatakiwa kuwa siku anapozaa. Anayezaa mara ya kwanza awe 6, kwa sababu bado anakua mwenyewe. Kila hatua ni takriban kilo 40 za mwili. Kilo hizo uzitafute miezi mitatu kabla ya kuzaa, maana akishaanza kutoa maziwa, karibu kila unachomlisha kinapitia kiwele.

Kosa la kawaida la lishe wakati wa kiangazi ni kumpa ng'ombe majani makavu mengi na kudhani ameshiba. Majani yakishuka chini ya asilimia 7 ya protini, bakteria wanaosaga chakula tumboni wanakosa cha kulia, chakula kinakaa siku nyingi bila kusagika, na ng'ombe anakula kidogo zaidi kila siku. Anakonda tumbo likiwa limejaa. Mashudu ya alizeti au pamba, nusu kilo hadi kilo moja kwa siku, huwaamsha bakteria hao na majani yale yale makavu yakaanza kuwa chakula. Ukiwa na fedha kidogo, anza na mashudu kabla ya kununua majani zaidi, mradi majani yapo.

Malisho yakikatika kabisa, uza mapema na uza kwa mpangilio. Kwanza madume ambao hawakutunzwa kwa mbegu, kisha majike wasio na mimba, wenye meno yaliyokwisha na wenye viwele vibovu. Mitamba wenye mimba na majike wa uzao wa pili na wa tatu ndio wa mwisho kutoka. Ili mpangilio huo uwezekane lazima ujue nani ana mimba. Mtaalamu mzoefu hupima kwa mkono, na kufikia siku 60 hadi 90 baada ya kupandwa haoni shaka. Wengi huruka hatua hii kwa kuona gharama, halafu wanauza jike mwenye mimba na kulisha tasa kiangazi kizima. Njia nyingine ni kuwaachisha ndama ziwa wakiwa na miezi 3 au 4 badala ya 7. Mama hupumua, hali yake hurudi. Ila ndama wa umri huo hawezi kuishi kwa majani makavu. Asipopata chakula laini chenye protini ya kutosha, umeokoa mmoja na kumpoteza mwingine.

Kuhusu mtamba mwenyewe, umri pekee haumfanyi awe tayari. Apandwe akifikisha asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa jike mzima wa aina yake. Jike mzima akiwa kilo 450, mtamba awe kilo 270 hadi 290. Aliyeachishwa ziwa na kilo 180 akiwa na miezi 7 anatakiwa aongeze kilo 110 kwa siku 240, karibu gramu 460 kwa siku. Hicho si kiwango kikubwa, lakini miezi miwili tu ya njaa inakivuruga. Dume wake wa kwanza awe wa ukoo unaozaa ndama wadogo; kuzaa kwa shida mara ya kwanza hugharimu ndama, na mara nyingi mimba ya pili pia. Na usimchanganye na majike wakubwa kwenye hori, atafukuzwa.

Kutoka zizini hadi kwenye mizani ya bucha

Hapa ndipo mnunuzi huona kama anaibiwa, kwa kuwa bei ya ng'ombe mzima ikipanda kidogo, ya steki inapanda mno. Tuipe kilo ya ng'ombe hai thamani ya 100. Ng'ombe wa malisho mwenye hali nzuri hutoa mzoga wa asilimia 50 ya uzito wake, kwa hiyo kilo ya mzoga ni 200. (Aliyenenepeshwa kwa nafaka hufikia 60 na kuzidi.) Mzoga ukipoa unapoteza maji, asilimia 2 hivi, tumefika 204. Ukitoa mifupa, mishipa na mafuta ya ziada zinabaki asilimia 70 za kuuzwa kama nyama tupu: 291. Ngozi, utumbo, kichwa na miguu hurudisha sehemu ya fedha, lakini kwa kila 10 iliyoongezeka kwenye bei ya ng'ombe hai, karibu 29 huongezeka kwenye steki kabla ya kodi ya pango, barafu na mshahara.

Ng'ombe aliyekonda huonekana rahisi. Mzoga asilimia 45, nyama tupu asilimia 65 ya mzoga, na kilo ya steki imefika karibu 349. Ili alingane na mwenzake aliyenona, kilo yake ya uhai lazima ipungue kwa asilimia 16, na bado nyama yake ni ngumu. Ongeza ujanja wa mizani: mnyama aliyesafirishwa kutwa bila maji hupoteza asilimia 5 hadi 8 ya uzito, na aliyenyweshwa lita 30 kabla ya kupimwa amekuuzia kilo 30 za maji. Anayenunua kwa macho na ahesabu hilo. Anayenunua kwa mizani aulize mara ya mwisho walinyweshwa lini.

Nyama ya kusaga ina kisa chake. Watu hudhani ni ya mabaki, hivyo lazima ibaki rahisi. Huko wanakonenepesha kwa nafaka, vipande vinavyokatwa pembeni mwa mzoga ni nusu mafuta, nusu nyama. Havisagwi peke yake. Huchanganywa na nyama konda ya asilimia 90 (mafuta ni asilimia 10 tu), na hiyo hutoka zaidi kwa majike wazee walioondolewa kundini. Kupata mchanganyiko wenye asilimia 80 ya nyama konda unahitaji sehemu tatu za nyama konda kwa sehemu moja ya ile ya mafuta. Mfugaji akiamua kumbakiza jike mzee kwa uzao mmoja zaidi kwa sababu ndama wana bei, nyama konda inatoweka sokoni na mafuta yanabaki bila mwenzake. Ndiyo maana Marekani, yenye mazizi makubwa ya kunenepeshea, huagiza nyama konda kutoka Australia, New Zealand na Brazil. Na ndiyo maana wakati kundi linajengwa upya, nyama ya kusaga huweza kupanda kwa kasi kuliko steki.

Kwa anayepika nyumbani nina neno moja tu: usilinganishe bei, linganisha kinacholiwa. Nyama yenye mfupa wa asilimia 30 inayouzwa kwa 200 ni sawa na nyama tupu ya 286. Mara nyingine steki iliyoonekana ghali ni nafuu. Mara nyingine mfupa unaulipia kwa sababu unataka mchuzi, na hilo ni sawa pia.

Anayetaka kujua bei itageuka lini, arudi kwenye yale meno. Wiki ambayo mitamba wa meno mawili wanaanza kuadimika machinjioni, na bei ya mtamba mnadani ikaanza kumpita dume wa umri wake, kundi limeanza kujengwa. Bei buchani itapanda tena hapo. Anzia kuhesabu miezi 36 kutoka wiki hiyo, ukiombea mvua zisikatike katikati.